Maji Waliyopewa Wageni

Waliokuwa katika chumba cha Mzee Gathogo, Shauri Moyo, Jumapili ile baada ya kanisa, ni hawa. Mzee Gathogo mwenyewe, aliyekuwa nyapara wa wanaume wetu katika kiwanda cha mablanketi kabla hakijafungwa, na mkewe Nyambura, aliyekaa kitandani kwa sababu viti havikutosha. Barasa, mume wangu, kwenye stuli karibu na mlango. Elfas, kijana aliyekuwa karani wa stoo kiwandani humo, ndiye aliyetuandikia mambo yetu yote. Okello fundi wa mabati wa Kamukunji na mkewe Akinyi, majirani zetu ukuta kwa ukuta. Wanjiru, tuliyemwita Mama Njoki, mjane, muuza maharagwe na mahindi, rafiki yangu kuliko ndugu. Halima wa Majengo, ambaye hakuwa katika mpango wetu wa kuhama lakini habari yote ilianzia kwake, kwa kuwa dada yake aliolewa Kwale. Na mimi, Nafula, Mama Rispa, niliyeingia wa mwisho nikiwa nimebeba sufuria mbili, moja juu ya nyingine, na kitambaa katikati ili zisigongane.

Nawataja mmoja mmoja kwa sababu wiki tatu zilizopita tulimzika Wanjiru, na pale kwenye matanga Elfas alisimama. Siku hizi ni mzee wa kanisa, ana kipara na sauti ya mimbari. Akawaambia waombolezaji kwamba zamani marehemu na mimi tulikataa shamba zuri la Pwani kwa sababu tulipenda taa za mji. Watu wakacheka, kile kicheko cha matangani ambacho mtu hukitoa ili apumue. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini ya kiti, nikamwambia mbele za watu kwamba Wanjiru hawezi kumjibu, lakini mimi bado ninao mdomo, na siku hizi ninao hata mkono. Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika kwa kweli nilijifunza gumbaru, nikiwa mtu mzima, nimekaa dawati moja na mlinzi wa usiku na mama wa sukuma wiki. Kwa hiyo naandika. Atakayeona maneno yangu hayana adabu ya vitabu, na asome hivyo hivyo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Kiwanda kilifungwa mwezi wa pili, lakini Barasa aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa ovaroli yake ya buluu, akanywa chai akiwa amesimama, akatoka. Alitembea mpaka mageti ya Industrial Area, akakaa juani pamoja na vijana wa Mukuru wanaongojea kuitwa kibarua, na jioni akarudi na mikono misafi. Mikono ile misafi ndiyo iliyonitisha. Miaka kumi na tisa mtu huyu alirudi nyumbani na nyuzi za sufi kwenye nyusi, nikizitoa kwa vidole huku akila, na sasa nyusi zake zilikuwa tupu kama za mgeni. Majirani walijua. Katika ua wetu tulipika watu wa nyumba nne, kila mtu na jiko lake la makaa, na katika ua wa namna hiyo hakuna kinachofichika: wanajua umepika nini, wanajua hukupika. Lakini hakuna aliyesema. Walimsalimu tu asubuhi, kazi njema Baba Rispa, naye akaitikia, na mimi nikainamia jiko nipulize moshi hata pasipokuwa na moshi.

Ndipo Mzee Gathogo akaleta neno la kujitegemea. Alilisema kwanza chumbani kwake, juu ya chapati za Nyambura, halafu likawa linapita ukutani kila jioni. Alisema mji umetutema, na mtu akitemwa asibaki kwenye mate. Twende mahali tulime, tule tulicholima, dukani tutafute chumvi na kiberiti tu. Nyumba zetu tano zihame pamoja, tujengeane, tuchungiane. Mtu atauliza mbona hatukurudi kwetu bara. Shamba la kwao Barasa lilikuwa limegawanywa kati ya ndugu mpaka ukilala kwako miguu inaingia kwa mwenzako. Gathogo hakuwa na shamba popote, wala baba yake hakuwa nalo. Wanjiru alikuwa mjane, na shemeji zake mnajua wenyewe. Halima aliposema kwamba shemeji yake, Hamisi, ana ardhi ya ukoo upande wa ndani wa Kwale, unapoiacha lami na kwenda, na kwamba wenyewe wangetukaribisha tulime, Gathogo alisimama akafunga kifungo cha koti kana kwamba gari liko nje.

Waliteuliwa watatu waende wakapime kama mahali hapo panaweza kumlisha mtu bila mshahara: Gathogo kwa sababu ya umri, Elfas kwa sababu ya kalamu, na Barasa kwa sababu alikulia shambani. Mwezi wa sita mvua ilikuwa imeisha juzi tu. Walikwenda, wakarudi na madafu na mkungu wa ndizi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilimsikia mume wangu akicheka upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa uani na Wanjiru, tunachambua maharagwe kwenye ungo, tukitoa mawe. Gathogo alikuwa akisimulia kwa kirefu. Wali wa nazi, kuku mzima, mkeka mpya. Maji matamu kuliko ya mfereji wa Nairobi, yaliyochotwa kwa kata kutoka mtungini, na mwenye nyumba akipiga goti kuwapa. Wanjiru akainua kichwa, akauliza kupitia dirishani walikaa siku ngapi. Gathogo akajibu kwamba walilala siku mbili, na ya tatu alfajiri wakashika njia, wasije wakawachosha wenyeji. Wanjiru akanitazama, akarudi kwenye ungo. Akatoa jiwe moja, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

Methali ile kila mtoto wa shule anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa bara tunaiimba tu. Tulipomweleza Halima kesho yake, alicheka mpaka akaliweka chini karai la mahamri, akasema kule kwa dada yake hiyo si methali, ni ratiba. Siku mbili za kwanza mgeni hapewi hata nafasi ya kuona nyumba inavyoishi. Anaonyeshwa heshima. Nyumba yenyewe huiona siku ya tatu, akishika jembe pamoja na wenyewe. Nikamwambia Wanjiru, hawa wanaume wetu wamepima heshima ya watu, wakadhani wamepima ardhi.

Ripoti ilisomwa Jumapili iliyofuata. Elfas alikuwa ameiandika kwenye karatasi ndefu, kila jambo na mstari wake. Udongo: unalimika. Watu: wakarimu. Maji: yapo karibu, ya kutosha, matamu. Chini aliacha nafasi za majina ya wanaume na vidole vya wanawake. Na hapa msomaji anielewe vizuri kilichokuwa mezani. Kila nyumba iliyotia kidole ingerudisha chumba chake kwa wenye nyumba mwisho wa mwezi, na chumba cha Eastlands ukikirudisha, hukioni tena. Watu waliobanana watano nyuma yako wanakingojea. Nilikuwa na watoto wanne katika chumba kile. Nikauliza swali moja tu, nani aliyechota hayo maji, na wapi. Gathogo akasema mtungini. Nikasema mtungi hauoti maji. Elfas akakunja karatasi, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyesoma.

“Mathe,” alisema, “hii ni ripoti. Si hadithi za kisimani.”

Walicheka wote, hata Akinyi, hata mume wangu. Nilingoja wamalize. Nikawaambia kidole changu hakitoki hapa mpaka macho yangu yaende kule. Barasa hakunijibu mbele za watu. Nyumbani ndipo aliponiambia kwamba nimemvua nguo, kwamba yeye ndiye aliyetumwa na yeye ndiye aliyeona, na mke akienda kukagua alichokagua mumewe, mume huyo ni nani tena? Nilisikia uchungu, kwa kuwa nilijua jibu la swali hilo na yeye alilijua, na sote wawili tulikuwa tukilizunguka. Lakini baada ya wiki mbili, Halima alipokuwa akienda kumwona dada yake, nilifunga kanga mbili na sweta. Wanjiru alifunga kilo mbili za maharagwe kama zawadi. Barasa alikaa kwenye stuli mlangoni. Nikamwomba anipishe, akanipisha. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Dada yake Halima aliitwa Mwanasha. Alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, asiyeweza kusema bila kufanya kazi: akikusalimu anakuna nazi, akikupa pole anasuka ukili wa mkeka. Alitupokea vilevile kama alivyowapokea wanaume wetu, chumba kilichofagiwa, mikeka miwili, mtungi kwenye pembe umefunikwa kwa kawa, na kata juu yake. Maji yalikuwa matamu kweli. Baridi, mepesi, yenye harufu ya udongo wa mtungi. Nilikunywa nikaogopa, maana nilianza kufikiri nimekuja kumwaibisha mume wangu bure. Siku ya kwanza tulikula wali wa nazi na kuku. Siku ya pili wali na papa. Tulipotaka kuosha vyombo tulikaripiwa. Wanjiru alipotaka kwenda kisimani aliambiwa akae, ana safari miguuni. Jioni ile ya pili, jua bado lipo, nilimfuata Mwanasha jikoni, kibanda cha makuti chenye mafiga matatu, nikamwambia kwa heshima zote kwamba kesho tunaomba majembe.

Akaacha kukuna nazi. Nadhani ndiyo mara pekee niliyoona mikono yake imetulia. Akauliza kama tumeukinai wali wake. Nikasema hapana, dada, lakini sisi hatukuja kula, tumekuja kuona kama tunaweza kuishi. Akatazama upande wa Halima, Halima akaitikia kwa kichwa. Akasema haya.

Asubuhi ya siku ya tatu chai ilikuja ya rangi, nikaionja nikadhani mtu amekosea kopo la sukari akatia chumvi. Wanjiru alionja yake, akaendelea kutafuna muhogo. Tulilima na Mwanasha na binti zake mpaka umande ukakauka. Udongo wa juu ulikuwa mchanga mwekundu, mlaini, unaolimika kama ripoti ilivyosema, lakini Wanjiru, ambaye kwao Nyeri hawaamini shamba mpaka walitie mkono hadi kiwiko, alichimba shimo kando ya mnazi, akagota jiwe jeupe kabla shimo halijafika magotini. Kisha tukachukua ndoo. Njia ya kisimani ilitupitisha kwenye mashamba ya kunde na muhogo, vitu vilivyostawi vizuri, sisemi uongo, na kuku na mbuzi waliokuwa na afya kuliko wetu. Lakini ilikuwa njia ndefu. Tulipofika, jua lilikuwa juu ya kichwa. Kisima chenyewe kilichongwa ndani ya jiwe lile lile jeupe. Nikachota kwa kiganja, nikanywa. Yalikuwa maji ya chai ile. Niliosha kanga yangu pale kwa kipande cha sabuni, sabuni ikakataa povu, ikaganda kwenye kitambaa kama maziwa yaliyochacha.

Nilimuuliza Mwanasha yale maji ya mtungini yalitoka wapi, naye akanionyesha tulipokuwa tukirudi. Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa kipande pekee cha bati kwenye paa lile la makuti, palikuwa na pipa la mvua, limefunikwa kwa ubao na jiwe juu yake.

“Hilo ni la wageni na la mwana mchanga,” alisema. “Sisi twanywa kisima. Waume zenu hawakuuliza, nami ningeanzaje kumwambia mgeni kuwa maji yangu ni mabaya?”

Mwanamke yule aliwapa waume zetu kitu bora alichokuwa nacho ndani ya nyumba, wakakipima, wakakiandika kama ndicho kilichopo kila siku. Kama kuna mwenye lawama hapo, si yeye. Tulitua ndoo, na Wanjiru akatoa zile kilo mbili za maharagwe, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mwanasha akashukuru sana, akasema atayaweka mpaka mvua ijaze pipa. Wanjiru akauliza kwa nini asiyapike leo. Mwanasha akacheka, si kwa dharau, kama mtu anavyomcheka mtoto anayetaka kukaanga mchanga. Akasema maharagwe kwa maji ya kisima utayachemsha kutwa nzima na yatakutazama tu. Wao hupika kunde za kijani, muhogo, mboga ya mchunga, sima ya mahindi na samaki akipatikana. Hawali wasichoweza kukiivisha. Walipajua pale, na pale palikuwa pamewajua wao, na walikuwa wakijitegemea kweli kabla Gathogo hajalifikiria neno hilo.

Usiniambie kwamba ni jambo dogo. Mtu wa mlimani na mtu wa Bungoma wanatofautiana mengi, lakini katika ua wetu wa Shauri Moyo, siku tano kati ya saba, tulichokula sote kilikuwa maharagwe: kwa mahindi, kwa ugali, kwa chapati sikukuu. Maharagwe ndiyo yaliyokuwa yamesimama kati ya watoto wetu na njaa tangu kiwanda kifungwe, Wanjiru akitugawia makombo ya gunia. Katika ripoti ya Elfas palikuwa na shamba la maharagwe, mistari kwa mistari, ndiyo mazao ya kwanza tuliyoambiwa tutapanda. Tungehama nyumba tano, tungerudisha vyumba, tungepanda, tungevuna, tungebandika sufuria jikoni, na hapo ndipo tungepata habari. Nilimwomba Mwanasha jerikeni la lita tano. Tulipofika kwenye feri askari alilitilia shaka, akafungua, akanusa, akaonja akitumaini kingine, akatema, akatupisha.

Nyumbani Barasa hakuuliza, nami sikumweleza. Tulikaa siku nne tukisemeshana kupitia watoto: mwambie baba yenu chai iko tayari, mwambie mama yenu asante. Jumapili, Wanjiru alikuja na kikombe chake cha kupimia, akapima vikombe vinne katika gunia moja, viwili kila sufuria. Moja nilitia maji ya mfereji, nyingine maji ya Mwanasha. Majiko mawili, makaa ya mfuko mmoja, nikazibandika wakati mmoja saa kumi na mbili asubuhi. Wanjiru hakwenda kanisani siku hiyo, alikaa katikati ya yale majiko kama hakimu, kila maji yakipungua akiongeza ya kila upande. Nilikaanga zote mbili kwa kitunguu kimoja nilichokigawa nusu kwa nusu. Halafu nikazipeleka kwa Gathogo, pale mahali nilipoanzia, na nikapakua bila kueleza. Sikuchagua nani apate ipi. Nilipakua kwa kufuata walivyokaa.

Waliopata ya mfereji walikula. Waliobaki walianza kutafuna taratibu. Mzee Gathogo alikuwa na meno mawili ya mbele ya kubandika. Akayatoa, akayafunga kwenye leso, akajaribu na ya nyuma. Okello akachukua punje moja, akaigonga kwenye ukingo wa sahani, ikalia.

“Shemeji,” aliniambia, “haya niachie niende nayo Kamukunji, nikayafanye misumari.”

Walipomaliza kucheka nikawaambia. Sikuwa na karatasi, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa: siku mbili, siku ya tatu, pipa, kisima, chai, sabuni. Halima akathibitisha. Wanjiru akasema gunia ni moja na saa ni moja, na mwenye shaka aje ale tena kesho, maji yamebaki. Elfas akasema maharagwe yale yalikuwa makuukuu, na kwamba haiwezekani ripoti ya watu watatu ipinduliwe na sufuria. Gathogo akasema kwa sauti ya nyapara kwamba binadamu hafi kwa kukosa maharagwe, tutakula muhogo kama wenyeji. Wanjiru akamuuliza aliula lini muhogo siku mbili mfululizo bila kumnunia Nyambura. Maneno yakapanda. Nikasimama na mwiko mkononi. Nikawaambia watu wale wa Kwale hawana kosa, na nchi yao haina kosa. Wao wanaiweza. Kosa ni letu, tuliotaka kuhama na tumbo la Bungoma na la Nyeri, tukaishi na maji ya wageni maisha yote. Mimi ninakataa. Sirudishi chumba. Anayetaka kuniandika kwamba nimekataa aniandike, na aandike jina langu lote.

Aliyenifuata kusema alikuwa Nyambura, mke wa Gathogo, ambaye katika mikutano yote ya mwaka ule sikuwahi kumsikia. Alikuwa bado kitandani, sahani yake kwenye paja, amekula nusu.

“Kule nani angekuwa anapika?” aliuliza, na hakungoja jibu. “Mimi pia kidole changu nabaki nacho.”

Akinyi akasema na yeye. Ikawa basi. Karatasi ya Elfas ilibaki na majina bila vidole. Nikaanza kukusanya sahani, na nilipofika kwa mume wangu ndipo nilipoona kwamba yeye alipakuliwa katika sufuria ya kisima, na kwamba sahani yake ilikuwa tupu. Alikuwa amekula yote, punje kwa punje. Nilidhani amefanya hivyo kwa kiburi, ili kunionyesha kwamba yanalika. Nikachukua sahani bila kumtazama.

Na kwa haki niseme yaliyofuata kwa wengine. Gathogo alikwenda peke yake, akajifunza muhogo na kunde, akaishi kule mpaka akafa, na Hamisi na Mwanasha walimzika kama ndugu yao. Nyambura alikuwa akimtembelea na kumpelekea unga. Elfas pia alikwenda, akarudi kabla mwaka haujaisha akiwa amekonda shingo, na hilo sijamsikia akilisema kwenye matanga ya mtu yeyote.

Jumatatu, siku iliyofuata mkutano ule, Barasa aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa ovaroli, akanywa chai. Lakini hakutoka. Alikaa. Watoto waliondoka kwenda shule, jua likafika kwenye kizingiti, naye bado yuko pale pale, na mimi nikasugua sufuria zile mbili uani nikijifanya sijaona. Mwishowe akaja akachuchumaa karibu na jiko, akasema kwamba alijua. Siku ya pili kule Kwale aliamka mapema, akanawa uso kwa maji ya ndoo iliyokuwa mlangoni badala ya ile aliyotengewa, yakamwingia mdomoni. Alijua tangu saa ile. Aliyaona hata maandishi ya Elfas, akanyamaza.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza polepole, kwa sababu nilikuwa na mwiko mkononi na nilijiogopa.

“Sikuwa natafuta maji,” alisema. “Nilikuwa natafuta mahali ambapo hakuna mtu anayejua kwamba siendi kazini.”

Nilisikia jirani mmoja akisita kupuliza moto wake. Ua mzima ulikuwa umesikia. Ningeweza kumwambia ashushe sauti, ningeweza kumwingiza ndani. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya kuuliza kama kuna mwenye chumvi, kwamba hapa wanajua, wanajua tangu mwezi wa pili, na tutakaa hapa hapa wanapojua. Nikamwambia avue ovaroli ile nikaifue. Akaketi akitazama makaa. Halafu akafungua vifungo, kimoja kimoja, palepale uani mbele ya nyumba nne, akabaki na kaptura na fulana, akanikabidhi. Niliifua, nikaianika kwenye kamba ya mbele mahali kila apitaye angeiona, na siku ya pili alikwenda na Wanjiru sokoni kumbebea magunia, mchana kweupe, amevaa shati la kawaida. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Basi hayo ndiyo niliyo nayo. Inawezekana Okello hakusema misumari, alisema ndoano. Inawezekana mkutano haukuwa Jumapili ya pili ya mwezi wa saba bali ya tatu, na sina hakika kama siku ya pili kule kwa Mwanasha ilikuwa papa au yule samaki aitwaye taa. Akinyi, kama bado unaishi Kariobangi na mtu akakusomea haya, au wewe Halima, au Elfas mwenyewe, niiteni mnisahihishe, nitafuta na kuandika upya, kalamu ninayo. Majina nisahihisheni, na siku nisahihisheni. Maji msiyaguse. Hayo niliyanywa mwenyewe.